Ukuta Unaolambwa na Ng'ombe

Udongo wa ukuta wa mashariki haukutoka barabarani. Kwa miaka sita nilisema ulitoka barabarani. Nilimwambia mwenye nyumba, nikawaambia wanafunzi wa chuo waliokuja na madaftari yao, na mara moja nilisema hivyo mbele ya kamera huku kiganja changu kikiwa ukutani, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemfuga mwenyewe. "Udongo wa kawaida kabisa," nilisema, "ule mwekundu uliobaki walipotengeneza barabara." Kuta tatu za nyumba ile ndivyo zilivyo. Udongo wa ukuta wa nne niliuchota Ringwani, kwenye mji uliohamwa, chini ya kichuguu, ndani ya duara la mawe. Na nilijua mawe yale yaliwekwa kwa ajili ya nini.

Mimi ni msanifu majengo. Nilikaa chuoni miaka mitano nikijifunza kuchora maghorofa, nikafanya kazi Dar es Salaam mpaka nikachoka, kisha nikarudi Tarime katika umri ambao wenzangu walikuwa wameshajenga na kuhamia, nikatangaza kwamba nitajenga kwa udongo. Watu wa kwetu wamehangaika vizazi viwili kuikimbia nyumba ya udongo. Mtu akiezeka bati na kupiga plasta, majirani wanakuja kumpa mkono. Halafu anatokea mwanamke mwenye shahada na miwani anawaambia warudi walikotoka. Sokoni waliniita Mama Tope. Mjomba wangu aliniuliza, "Shule yote ile, mwanangu, ukasomee alichokijua bibi yako?" Nikampa hotuba ndefu kuhusu joto na ubaridi na unene wa kuta. Aliniacha nikamaliza, akaniuliza kama namfahamu mtu anayeuza simenti kwa bei nzuri.

Nyumba zangu hazikandikwi juu ya fito kama za bibi. Udongo wenye unyevu kidogo unamwagwa ndani ya kasha la mbao, tabaka la kimo cha kiganja, unashindiliwa kwa magogo mpaka unatoa mlio wa jiwe, kisha linamwagwa tabaka jingine juu yake. Ukifungua kasha unakuta ukuta mnene wenye mistari mistari, na ukiuegemea mchana wa jua kali unakupoza mgongo. Yote yanategemea udongo. Wengine wanaupeleka maabara. Mimi nauonja. Ukikwaruza meno, una mchanga. Ukinata kwenye ulimi, una mfinyanzi. Ukiwa na chumvi, unauacha ulipo, kwa sababu chumvi huvuta maji na ukuta hautulii.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Kisaka, mjane, mrefu, mwenye sauti ambayo bado ilitosha darasa la watoto tisini. Mwanawe wa pekee alikuwa Mwanza na alitaka kumjengea nyumba ya matofali ya simenti. Yeye akanitafuta mimi.

"Nimefundisha chini ya bati miaka thelathini na miwili," aliniambia. "Mvua ikinyesha watoto hawanisikii, jua likiwaka wanasinzia. Nijengee nyumba inayonyamaza."

Washindiliaji wangu walikuwa wanawake wa Ringwani, kumi na mmoja, wakiongozwa na mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mikono kama ya mpiga mbizi. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi ambayo mimi nilikuwa nimeisoma. Walishindilia kwa wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaangusha magogo kwa pamoja, na mashairi yalikuwa ya kunitukana mimi kwa Kikurya. Nilijifanya sielewi.

Kuta tatu ziliposimama, udongo wa barabarani ukaisha. Mkandarasi alikuwa amesambaza tuta lote. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa, na nyumba yenye kuta tatu haiwezi kuyasubiri masika. Yule mama kiongozi akanipeleka kwao Ringwani kunionyesha kichuguu. Kilikuwa kwenye mji uliohamwa zamani, boma la familia moja. Nyumba hazikuwapo tena, lakini minyaa iliyokuwa uzio wa zizi ilikuwa bado imesimama kwa duara, na katikati nyasi zilikuwa za kijani kuliko za kwingine.

"Upande huu chota unavyotaka," alisema. "Upande ule wa mawe, hapana. Pale pana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko pale pale."

Nilicheka, kicheko kile cha msomi anayetaka aonekane anaheshimu mila. Watoto wa mzee yule, alinieleza, walivuka mpaka kwenda Kenya zamani na hawakurudi. Mzee hakuvuka. Mwenye mji huzikwa ndani ya mji wake, na mji ukihama, yeye anabaki kuushikilia.

Nikachota upande nilioruhusiwa. Ulikuwa mizizi na kokoto. Nikatembea mpaka kwenye mawe, nikachutama, nikachukua kidogo kwa vidole viwili nikauweka mdomoni. Ulikuwa laini kama unga wa wimbi. Haukukwaruza, haukunata sana. Ulikuwa na chumvi. Kwenye daftari langu, ambalo bado ninalo, niliandika: *chumvi kidogo, inakubalika.* Hakuna mwalimu wangu yeyote ambaye angekubali neno hilo la mwisho.

Jumapili, wanawake wakiwa kanisani, nilikwenda na trekta lenye tela na wachimbaji wawili wa kutoka Kisaka ambao hawakupajua mahali pale. Mawe niliyaondoa mwenyewe kwa mikono, moja moja, nikijiambia kwamba hiyo ni heshima. Walipofika kina cha kiuno udongo ulibadilika rangi, ukawa mweusi kidogo, na sepetu ikawa inaingia bila kusukumwa. Mchimbaji mmoja akasimama akaniangalia.

"Tuendelee, mama?"

"Endeleeni."

Sikuona mfupa. Pia sikuangalia.

Jumatatu yule mama kiongozi alichukua konzi moja kutoka kwenye lundo, akaunusa, akaniangalia usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Huu nao wa barabarani?"

"Wa barabarani."

"Haya."

Siku ile hakuna aliyeanzisha wimbo. Wala kesho yake. Ukuta wa mashariki, ukuta wa chumba cha kulala cha Mwalimu, ulishindiliwa siku mbili nzima kwa vishindo tu, na tulipofungua kasha ulikuwa mzuri kuliko kuta zote nilizowahi kuona, laini, wenye mstari mmoja mweusi uliopita katikati yake. Huo ndio ukuta ulio kwenye picha zangu zilizochapishwa. Huo ndio ulionipa jina. Watu wakaanza kuniita mwanzilishi, na mimi nikaanza kupenda kuitwa hivyo.

Masika ya pili Mwalimu alinipigia simu. "Msanifu," alisema, "nina wageni."

Nilifika saa nane mchana, jua likiwa kali. Ng'ombe saba walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba, wamejipanga bega kwa bega, vichwa vyote vimeuelekea ukuta wa mashariki. Hawakuwa wanakula. Hawakupunga mikia, ingawa nzi walikuwapo. Walikuwa wanaulamba ukuta, polepole, kila mmoja kwa zamu yake, na sauti yake ilikuwa ya msasa juu ya mbao. Mchungaji wao alikuwa amesimama mbali, fimbo chini.

"Ni chumvi," nilimwambia Mwalimu. Jambo hilo linajulikana. Ng'ombe hulamba udongo wa chumvi, na udongo wa zizi la zamani una chumvi nyingi. Neno *zizi* sikulitamka.

"Hawa si wangu," alisema. "Wala si wa jirani. Wametoka ng'ambo ya mto. Hii ndiyo mara yao ya kwanza kufika hapa, na wamekuja moja kwa moja."

Walikuja siku ile, na siku nyingi baadaye, si hao tu. Kila kundi lililopita Kisaka kwenda malishoni lilikengeuka. Nikafanya jaribio, maana mimi ni mtu wa majaribio. Nilinunua jiwe la chumvi ya mifugo, kubwa, nikaliweka hatua ishirini kutoka ukutani, njiani kabisa. Nikakaa kwenye kiti cha Mwalimu na daftari langu. Ng'ombe walikuja, wakalinusa jiwe, wakalipita. Ndama mmoja tu alilirudia akalamba mara moja, halafu akakimbia kuwafuata wakubwa.

"Andika," Mwalimu aliniambia. "Mbona huandiki?"

Chumbani kwake sauti ilikuwa tofauti. Alinilaza kitandani mchana mmoja ili nisikie. Kwa nje ulikuwa ulimi wa ng'ombe. Kwa ndani, sauti ikipitia kwenye udongo ule mnene, ilikuwa mtu anayevuta pumzi na kuitoa bila haraka, karibu na sikio. Nikaamka kabla ya dakika mbili kwisha.

"Huogopi, Mwalimu?"

"Nimelala na mwanaume miaka ishirini na sita, alikuwa anakoroma nyumba nzima. Huyu ananung'unika tu." Kisha akageuka, na macho hayakuwa na mzaha. "Huu udongo ulitoka wapi?"

"Barabarani, Mwalimu."

Alichukua chaki, akatoka nje, akauchora mzingo wa pale palipolambwa, kama anavyosahihisha daftari. Kila mwezi aliuchora upya. Mwaka wa nne ulinifanya nipeleke futi ya kupimia. Ukuta ulikuwa umeliwa kina cha ngumi, umbo refu, jembamba juu, pana kwenye mabega. Mabega! Naandika hivyo sasa; siku ile niliandika *sehemu ya juu*. Nikajieleza kwamba ng'ombe wote wana kimo kinachokaribiana, kwa hiyo ni lazima walambe mahali pamoja. Ni kweli. Lakini ng'ombe wana kimo cha ng'ombe, na lile umbo lilianzia chini kwenye msingi.

Nikafanya jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye makala zangu zote za kuusifu udongo. Nilipiga plasta ya simenti. Mimi, Mama Tope, nilikwenda Kisaka na mifuko miwili nimeifunika turubai ili mtu asinione, nikauziba ukuta wa mashariki kwa nje. Kwa miezi mitatu ng'ombe walikuja wakasimama tu, wakiuangalia. Masika yalipoingia, plasta ilidondoka yote kwa pamoja, kipande kimoja kama mlango, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa ukitoa chembe nyeupe za chumvi. Wakaanza upya palepale walipoishia.

Mwanawe Mwalimu alikuja mwaka wa sita. Alikuta ng'ombe kumi na wanne nyuma ya nyumba ya mama yake. Aliweka mkono kwenye lile shimo ukutani, na mkono ulizama mpaka karibu na kiwiko. Akaniita kutoka Tarime. Nilipofika, hakunisalimia.

"Huu ukuta unabeba paa?"

"Unabeba."

"Na mama analala chini yake?"

"Mura, kijana wangu, usimpigie mtu kelele kwangu," Mwalimu alisema.

"Mama, unafungasha. Jumamosi ya wiki ijayo naleta lori. Nyumba hii inabomolewa kabla haijakuzika."

Mwalimu aliingia ndani, akakaa kwenye kiti chake sebuleni, akayashika magoti yake. Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona amezeeka. Mume wake amezikwa nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka pale alipokaa. Mwanza Mwalimu alikuwa ameshaishi mara moja, wiki tatu, akasema ni kama kukaa ndani ya redio.

Nikamfuata. Ningeweza kusema tena barabarani. Ulimi ulikuwa umeshalizoea neno hilo. Nilipiga magoti, jambo ambalo silifanyi hata kanisani, kwa sababu ya nyonga, nikamwambia yote: mawe, Jumapili, trekta, rangi ya udongo.

Nyuma ya nyumba msasa uliendelea.

"Ulionja?" aliuliza.

"Nilionja."

"Mungu wangu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. "Miaka sita nimelala na mume wa mtu, na wewe ulikuwa unajua!"

Alipomaliza kucheka alifuta macho kwa pindo la kanga, akamwita mwanawe, akamweleza bila kuficha kitu. Wakapatana, kwa ukali, kama wanavyopatana watu wanaofanana. Wenyewe wa kaburi watafutwe. Wakisema ukuta ubomolewe, Mwalimu atapanda lori bila neno. Wakisema ubaki, atabaki, ila paa lisimame juu ya kitu kingine. Jumamosi ile ndiyo mwisho. Walikuwa wamebakiza siku tisa.

Nilikwenda Ringwani kwa yule mama kiongozi wa washindiliaji. Nilikuwa nimejiandaa kukiri. Hakuniruhusu.

"Nilijua ulipofungua mdomo," alisema. "Barabarani! Mimi nimelima karibu na mji ule tangu nimeolewa, nisiujue udongo wake?"

"Sasa mbona mlishindilia?"

"Wewe ndiye uliyemtoa. Sisi tulimlaza." Akanikazia macho. "Ungependa tungemwacha kwenye tela?"

Aliahidi kupeleka habari mpakani Sirari siku ya soko, kwa watu wenye ndugu upande wa pili. Mimi nikarudi Kisaka na nguzo nne za mkaratusi. Kwa siku nne tulisimamisha nguzo ndani ya chumba cha kulala, tukahamishia uzito wa paa juu yake, mpaka ukuta wa mashariki ukawa haubebi chochote. Ukasimama pale peke yake, kama mgeni ambaye ameambiwa asisaidie kazi. Nikiwa juu ya ngazi nilikuwa nausikia ukipumua. Niliacha kujiambia ni nini.

Alhamisi hakuna habari. Ijumaa hakuna. Jumamosi saa nne asubuhi lori lilirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mwanawe alitoa godoro, akatoa kabati la vyombo, akatoa ramani ya Tanzania ambayo Mwalimu aliichukua alipostaafu. Mwalimu alikuwa amevaa viatu vya safari, amesimama karibu na jiko, ameupa mgongo mlango. Ng'ombe walikuwa wameshafika, tisa, ingawa haikuwa saa yao.

Simu yangu ikaita. Namba ya Kenya.

"Hallo? Ni wewe yule mtu wa udongo?" Sauti ya mwanamke mzee sana, yenye upepo nyuma yake.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni kifungua mimba wake. Nimeambiwa mlichota tata, baba yangu, mkajenga na yeye. Ni ukweli?"

"Ni kweli, mama. Ni mimi. Wengine hawakujua."

"Si ungeuliza tu? Simu ziko."

Niliweka sauti ya nje, Mwalimu akasogea, mwanawe akaliweka chini kochi alilokuwa amelibeba.

"Huo ukuta unaangalia wapi?"

"Mashariki."

"Sawa. Na ni ukweli ng'ombe wanakuja?"

"Wapo hapa sasa hivi. Tisa."

Tulisikia pumzi yake. "Nipeleke kwa yeye," alisema.

Nikazunguka nyumba na simu mkononi. Ng'ombe hawakunipisha, nilipita katikati yao, nikagusana na mbavu zao zenye joto, nikaiweka simu ndani ya lile shimo, juu, pale penye mabega. Mwanamke yule akaanza kuzungumza Kikurya, polepole, kwa sauti ya mtoto anayemweleza mzazi kwa nini amechelewa. Nilielewa karibu yote na sitayaandika. Alizungumza muda wa kutosha kuchemsha chai. Watu wamewahi kuniuliza kama ng'ombe waliacha kulamba. Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Ninachojua ni kwamba niliisikia sauti yake vizuri, kila neno, bila msasa.

Kisha akaita, "Wewe, wa udongo."

"Nipo, mama."

"Msibomoe. Mkibomoa mtamwaga wapi? Mtajua ni gani ni yeye na ni gani ni udongo tu?"

"Hatutajua."

"Mtu anazikwa mara moja. Sasa wewe umemzika mara ya pili, umemzika amesimama. Mara ya tatu hapana." Alikohoa. "Huyo mzee alikula ng'ombe maisha yake yote. Wacha na wao wamkule. Wakimaliza, amemaliza."

Mwanawe Mwalimu, aliyetufuata na mama yake, aliweka kiganja ukutani.

"Huyo mama wa nyumba yuko hapo?"

"Nipo, dada," Mwalimu alisema. "Nakusikia."

"Anakusumbua?"

"Hapana. Ni mtu mpole."

"Kwetu hakuwa mpole," alisema yule mwanamke, akacheka kidogo. "Ukae naye. Mimi siwezi kuvuka tena, miguu imekataa."

Mwalimu alikaa chini, pale pale kwenye nyasi, na viatu vyake vya safari. Mwanawe alimtazama, akageuka akaenda mlangoni, na tukasikia godoro likiburutwa kurudi ndani.

"Na wewe, wa udongo, uko na kitu ya kupimia?"

"Ninayo."

"Kila mwaka, watu wakishavuna, upime. Unipigie uniambie amebaki kiasi gani."

Nikasema nitapiga. Akaniuliza kama namba yake imeingia vizuri kwenye simu, akanifanya niisome yote mpaka mwisho, ndipo akakata.